Pipa la Pembeni

Jirani yangu Magí ni mtu wa kushuku. Ukimpelekea mkate, anaugeuza kwanza aone umeungua wapi. Amelima zabibu kwenye miteremko yetu ya mawe meusi miaka sitini, na tangu mkewe afariki hakuna anachokipenda kama pipa la pembeni.

Zamani kila nyumba ya hapa kijijini ilikuwa nalo, ndani kabisa ya ghala: mvinyo mkongwe unaochotwa kidogo kwa harusi na mazishi, kisha unaongezewa, usiishe kamwe. La Magí lilianzishwa na babu yake. Ufunguo wa ghala huuvaa shingoni, na aliapa kwamba Eloi, mume wa binti yake Roser, hatalirithi. Kosa la Eloi ni kuzaliwa bondeni, tena kwao waliuza shamba na nyumba.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno, Magí alivunjika nyonga akalazwa. Ufunguo akamwachia Roser kwa shingo upande. Novemba alirudi, na kabla hajaketi akatumbukiza ndani ya pipa fimbo yake ya mwanzi, ambayo huitia alama ya kimo cha mvinyo kila mwaka. Akaja kwangu anachechemea.

"Engràcia, nimeibiwa."

"Mvinyo umepungua?"

"Haujapungua. Uko palepale kwenye alama ya mwaka jana. Pipa hunywa, mama, mbao hufyonza vidole viwili kila mwaka, hata ulifungie kanisani. Hili halikunywa. Mtu kachota, kajazia wa dukani."

"Umeuonja?"

"Mtamu kuliko wa babu. Hapo ndipo pana hila."

Kikulacho ki nguoni mwako. Juma zima alimwinda Eloi kwa macho, akinusa kikombe chake kila alipoinuka mezani. Mimi nami, naona aibu kusema, nilianza kumtazama vibaya kijana wa watu.

Kisha nyuma ya mitungi ya mafuta ya zeituni Magí akapata dumu la kioo, tupu, linanuka mvinyo mkongwe. Jumapili akaniita chakula cha mchana niwe shahidi. Akalitua dumu katikati ya meza, kando ya konokono wa kuchoma.

"Haya mkwe, hili nini?"

Roser akainamisha kichwa. Eloi akafuta mikono taratibu.

"Ubao wa chini ulipasuka, baba, ukiwa hospitali. Karibu nusu ilikuwa sakafuni. Nikaziba, nikajaza hadi kwenye alama ya fimbo yako. Tuliogopa ungekufa kwa uchungu."

"Ukajaza nini?"

"Mvinyo wa marehemu baba yangu. Ndio uliokuwa humo."

"Na vile vidole viwili?"

"Vidole gani? Kwetu tuliuweka kwenye kioo. Kioo hakinywi."

Magí akalivuta dumu, akanusa mdomo wake muda mrefu. "Ulibakiza kiasi gani?"

"Sikubakiza. Pipa liliutaka wote."

Nilijionea haya. Shamba limeuzwa, nyumba imeuzwa, na kitu pekee alichotoka nacho kwao kilikuwa kwenye dumu lile.

Magí akashuka ghalani bila ile fimbo ya mwanzi, akiushika ukuta. Akarudi na jagi dogo, akamimina bilauri ya kwanza, ambayo nyumbani humo hanywi mtu ila yeye, akaisukuma mbele ya Eloi.

"Onja, uniambie kama baba yako yumo."

Eloi akanywa nusu, akafumba macho. Mzee akaichukua bilauri mkononi mwake, akanywa uliobaki.

"Yumo," akasema.