Atachii Chini ya Leso

Katika ofisi ile niliitwa Atachii. Si kwamba walinichukia. Walinikuta nimekuja kufanya atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya wanafunzi wa chuo, wakaona hilo linatosha kuwa jina. Atachii, leta chai. Atachii, wewe ni mrefu, hebu tufikie ile boksi juu ya kabati. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea usanifu wa majengo, na ofisi ilikuwa ya msanifu anayeheshimika, katikati ya jiji, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inayojisikia. Nilipopata nafasi ile nilimpigia mama simu kule Kitui, nikalia kwa furaha. Ningejua, machozi yale ningeyaweka akiba.

Nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Satellite. Nimepewa jina la marehemu mama yake, kwa hivyo shangazi huniita Mama, kama desturi yetu sisi Wakamba ilivyo. Heshima hiyo haikumzuia kuniachia vyombo vyote vya jioni. "Mama, ukimaliza hapo loweka maharagwe," angesema, huku miguu ameinyoosha mbele ya televisheni. Nilipomlalamikia kuhusu ofisi aliniambia nivumilie, kila mtu ameanzia kwa chai. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyewahi kuanzia kwa chai akaishia kwa ramani, lakini mjukuu mwenye jina la bibi hajibizani.

Chai ningeivumilia. Kilichoninyima usingizi ni ukaguzi. Ilikuwa lazima mhadhiri wangu aje, anikute kazini, na bosi amweleze nimefanya nini. Asiponipata, ningerudia atachimenti mwaka unaofuata huku wenzangu wakivaa majoho, na mama alikuwa ameshaanza kuwaalika watu wa kanisa. Na hata angenipata, bosi angesema nini? Kazi ya maana niliyofanya ilikuwa moja tu. Nilitumwa kupima ngazi za nyumba ya zamani ambayo mwenyewe alitaka ikarabatiwe, nami nikazichora kidato kwa kidato mpaka macho yakauma. Mchoro niliuweka kwenye meza ya bosi. Siku ya kwanza magazeti yaliufunika. Wiki ya pili nilikuta kikombe juu yake.

Kisha binti ya bosi akachumbiwa, na kazi ya usanifu ikasimama. Ofisi nzima iligeuka kamati ya ruracio, ile sherehe ya Wakikuyu ambapo ukoo wa mume huja kwa kina msichana kukamilisha mambo ya mahari. Nilichora mpangilio wa mahema: wageni wakae wapi, wazee wapi, chakula kipite wapi. Bosi aliutazama mchoro ule kwa makini, akasema hema la wazee lisogee kivulini. Mchoro wangu wa kwanza kukaguliwa na msanifu mkuu ulikuwa wa mahema ya kukodi.

Ijumaa walinituma machinjioni Dagoretti na dereva kuchukua nyama. Nilikuwa nimesimama katikati ya mbuzi walioning'inia, viatu vyangu vya ofisini vikinywa maji ya damu, simu ikalia. Alikuwa mhadhiri. Alikuwa amefika ofisini kwetu bila kutangaza, kama wanavyopenda, akamkuta karani wa mapokezi peke yake.

"Uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia niko nje kikazi. Mbuzi mmoja aliyekuwa bado hai akalia nyuma yangu, mhadhiri akauliza hiyo ni kazi gani. Nikalazimika kusema ukweli wote, ruracio na nyumba ya bosi kule Loresho pamoja. Akaguna. Jumatatu alikuwa anaondoka kwenda kukagua wanafunzi wa Kakamega na hangerudi Nairobi. Lakini yeye anaishi Kangemi, na kutoka hapo hadi Loresho ni pua na mdomo. Angepitia kesho, azungumze na bosi dakika chache, yaishe. "Nisipokupata huko pia," akasema, "mimi nitaandika tu kwamba sikukupata."

Jumamosi asubuhi nilimwendea bosi nikiwa nimebeba sinia la vikombe. Nikamwambia, "Sir, mwalimu wangu wa chuo anakuja leo kunikagua. Anataka kuongea na wewe."

"Sawa sawa," akajibu, macho yake yakimfuata mtu wa jenereta. "Mwambie akule."

Nikaweka simu mfukoni nikiiombea isinyamaze. Wageni wakaja, wazee wakaingia kujadiliana, nyama ikakatwa. Mhadhiri alikuwa hajatokea. Ndipo mama mmoja wa ukoo, mkubwa wa jikoni siku ile, akanishika mkono. Ilikuwa imefika saa ya kumficha bibi harusi. Wasichana hufunikwa leso, yaani kanga, kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, wanasimamishwa kwa mstari, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akikosea, anatozwa faini na kuchekwa mpaka wajukuu. Msichana mmoja alikuwa amechelewa njiani.

"Wewe unatoshana na bibi harusi kabisa," yule mama akasema. "Kuja. Hiyo simu acha hapa, isije ikalia huko ndani."

Nikamweleza kwamba nina mgeni, kwamba ni mambo ya masomo. Akanijibu kwamba ni dakika tano tu, na kwamba hata yeye amesoma. Simu yangu ikabaki jikoni kando ya sufuria ya mukimo. Nikafunikwa leso mpya mbili zilizonuka rangi ya duka, nikaongozwa kwa mkono hadi mbele ya wageni, nikaambiwa nisiseme, nisicheke, nisikohoe.

Sikuona chochote ila majani karibu na miguu yangu. Akina mama waliimba. Nilisikia viatu vya bwana harusi vikipita taratibu, vikisimama, vikirudi. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mama yangu pale emsii, mwongoza sherehe, alipositisha nyimbo.

"Kuna mwalimu hapa anatafuta mwanafunzi wake," akasema kwa kipaza sauti. Akataja jina langu, la kanisa na la ukoo, yote mawili.

Nikangoja mtu aseme nipo. Niliisikia sauti ya bosi, karibu sana, kipaza sauti kikiwa kimemfikia.

"Huyo mimi simjui," akasema. "Labda umekosea boma, mwalimu. Hapa kwangu kuna atachii mmoja tu, na hata sijui amepelekwa wapi."

Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyomcheka aliyepotea njia. "Basi nitaandika sikumpata," mhadhiri akasema, na nikasikia hatua zake zikigeuka.

Niliwaza yote kwa mara moja: heshima ya watu, faini, yule mama wa jikoni, vikombe nilivyobeba tangu siku ya kwanza. Hasira ikanishika mpaka masikio. Nikazivua zile leso, zote mbili, nikazitupa kwenye majani.

"Ni mimi," nikasema. "Hilo ndilo jina langu."

Uwanja mzima ulinigeukia. Nywele zangu zilikuwa zimesimama kila upande, aproni ya jikoni bado kiunoni. Kisha msichana wa tatu kutoka kwangu akaangua kicheko chini ya leso yake, kile kicheko cha kukwama puani ambacho huwezi kukizuia. Bwana harusi akageuka bila kufikiri hata kidogo, akaenda moja kwa moja, akamshika mkono. Alikuwa yeye. Upande wa mume ukalipuka kwa shangwe, nao wetu ukabaki bila faini. Yule mama wa jikoni alinitazama kwa jicho ambalo nadhani bado linanifuata.

Mhadhiri alinikagua nyuma ya hema la wazee, sahani ya mbavu ikiwa gotini pake. Bosi aliitwa akaketi. Akaulizwa nimekuwa nikifanya nini katika ofisi yake. Akajikuna kidevu.

"Huyu? Huyu anafanya kila kitu."

"Kama nini?"

Akanitazama nimsaidie. Nilikuwa nimemsaidia vya kutosha. Mwishowe akakohoa, akasema kuna ngazi fulani nilizochora, kwamba aliziona mezani, kwamba bado hajazipitia. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. Mhadhiri akaandika, akatia sahihi, akaomba mchuzi kidogo. Nikapita hivyo, kwa mbavu na kwa ngazi ambazo hakuna aliyezitazama, na mama akaendelea kualika kanisa.

Jumatatu bosi alisimama mlangoni pa chumba chake, akaniita kwa jina langu mbele ya ofisi nzima. Nikainuka upesi kama mjinga. Akasema anaomba chai.

Nikampelekea. Nilipoingia, nilikuta magazeti yamewekwa sakafuni na mchoro wangu umetandazwa, alama ya kikombe katikati yake. Akaniambia nivute kiti. Akachukua penseli, akaanza kidato cha chini, akanionyesha mahali ambapo mtu mrefu angegonga kichwa akifika kwenye kona, na kwa nini vipimo vyangu, ingawa vilikuwa sahihi, havikuwa vimemfikiria anayepanda. Alieleza polepole, akauliza kama nimeelewa, akafuta, akachora tena. Sijawahi kufundishwa vizuri namna ile, chuoni wala popote. Chai ikapoa, wala hakuniambia nilete nyingine.

Nilikaa pale nikiitikia ndiyo, ndiyo. Ilikuwa imebaki wiki moja nirudi chuoni. Mwanamume huyu alikuwa anaweza kufanya hivi tangu siku ya kwanza.