Taiti Kwenye Sufuria ya Chai

Asubuhi ile niliondoka Vällingby, pembeni mwa Stockholm, bila kujua naenda wapi, begi mgongoni na taiti iliyolowa kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa Alhamisi. Onyesho lilikuwa Jumamosi.

Nimekuwa mtu wa kuondoka tangu nilipoacha shule kidato cha pili kule Mwanza, kwa sababu nilitaka kujua malori yaliyopita mbele ya darasa letu yanaishia wapi. Stockholm nilifika kwa udadisi huo huo, na kwa udadisi huo huo nikaingia kwenye burleski. Nilikuwa naosha glasi katika ukumbi mmoja mdogo. Nikawaona wanawake wakipanda jukwaani na glavu ndefu na manyoya, wakivua nguo moja moja, pole pole, kwa mizaha, mpaka ukumbi mzima unapiga miluzi na kucheka. Sikuwahi kumwona mtu akiutania mwili wake mbele ya watu bila kuomba radhi. Nikaomba kufundishwa. Baada ya miezi ya mazoezi nikapewa dakika nne zangu, peke yangu jukwaani.

Tangazo la mlangoni lilisema kila mwili unakaribishwa. Lakini wachezaji watano walionitangulia waliazimana koseti moja ya kubana kiuno, na iliwaenea wote. Kwangu iliacha nafasi ya kiganja kizima mgongoni. Kiongozi wa kundi, mwanamke mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alinitazama tumboni, kisha akaniletea taiti ya mwili mzima yenye kipande kinene cha kubana tumbo.

"Labda ungejaribu hii chini ya vazi," alisema. "Ni ya rangi ya ngozi."

Alisema kwa Kiswidi, na labda ya Kiswidi ni *kanske*. Ilinichukua muda kulielewa neno hilo. *Kanske* ya huku ni amri iliyovua viatu mlangoni. Na taiti yenyewe ilikuwa na rangi ya kiazi kilichomenywa.

Wakati huo nilikuwa nakaa huko Vällingby kwa mama mmoja wa Bukavu niliyekutana naye kanisani. Burleski sikumwambia, nilimwambia nakwenda mazoezini, na huo haukuwa uongo. Asubuhi hiyo, nikidhani bado amelala, nilichemsha chai ya rangi nzito kama lami nikaitumbukiza taiti ndani. Nilikuwa nimesikia wachezaji wengine hufanya hivyo. Nilikoroga nikiwaza kwamba ikishika vizuri, Jumamosi hakuna atakayeona ngozi yangu inaishia wapi na nguo inaanzia wapi.

Mama akaingia na kitenge chake cha kulalia, akafunua sufuria ajimiminie chai. Akanyanyua mguu mmoja wa taiti kwa mwiko, akashangaa kwa Kifaransa chake cha Bukavu.

"Mais! Hii ngozi iko ya nani?"

"Ni ya kazini, Mama."

"Kazi gani ya kupika watu?"

Nikamweleza, ingawa nusu tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha naye akanitazama pale pale, tumboni.

"Tumbo yako iko bien, mwanangu. Mu kanisa wote wanasema umenenepa, unakulaka vizuri kwangu. Sasa unaificha juu ya nani?"

Alikusudia kunituliza, lakini wasiwasi ukazidi. Kanisani wananisifu nimenawiri, ukumbini wananiletea cha kunibana, na kote kuwili macho yanafika tumboni kabla ya kufika usoni. Nikaikamua taiti, nikasema nakwenda kuianika. Nikachukua na begi. Begi langu huwa silifungui lote, popote ninapokaa.

Kwenye treni mfuko ulianza kuvuja maji ya kahawia. Mzee mmoja aliinua miguu yake, akaishikilia hewani vituo viwili. Nilibadilisha treni, nikabadilisha tena, mpaka nikajikuta kwenye ile ndogo inayokatiza Nacka, mashariki mwa jiji. Nikashuka Fisksätra kwa sababu moja tu: *fisk* ni samaki, nikataka kuona kama wapo.

Samaki sikuwaona. Kulikuwa na maghorofa marefu na benchi lenye unyevu. Nilikaa nikafungua ujumbe wa sauti kwenye simu, na sauti ya Mama ikajaa uwanja mzima: "Rudi ukule. Sufuria nimeosha."

Mwanamke aliyekaa pembeni, amevaa sare ya wanaohudumia wazee majumbani, akacheka.

"Huyo ni Mkongo. Umemfanyia nini?"

"Samahani, dada, sikujua sauti iko juu."

"Na wewe ni Mtanzania. Nyinyi mtu akiwakanyaga, nyinyi ndio mnaomba samahani." Alikuwa Mkenya, wa Kisumu; nikamwambia mimi ni wa Mwanza. "Ziwa ni lile lile, lakini upande wetu hatuombi."

Nikamuuliza kama anamjua mtu yeyote mwenye chumba. Alilitazama begi, akautazama mfuko unaodondoka, akanitazama usoni kwa muda.

"Cha binti yangu kiko wazi. Yeye yuko Flemingsberg, anasomea uuguzi. Lakini usinililie huko ndani, kuta ni nyembamba."

Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda, dirisha na hita. Nikaianika taiti juu ya hita, nikakaa kitandani kuilinda kana kwamba itatoroka. Ilipokauka nikaona. Miguu ilikuwa imeshika rangi vizuri, karibu sawa na yangu. Kipande cha tumboni kilikuwa kimeikataa chai kabisa. Kilibaki cheupe, peke yake, katikati.

Mwenye nyumba akasimama mlangoni na taulo la kunipa.

"Hiyo nyeupe ni ya nini?"

"Ya kuficha tumbo."

"Basi imekuja na taa yake."

Nilicheka mpaka nikakaribia kulia, nikakumbuka kuta. Yeye hakucheka. Aliigusa taiti kwa kidole.

"Mimi naogesha wazee sita kabla ya saa nne asubuhi," akasema. "Wanene, wembamba, kila aina. Wote wananiomba samahani nikiwavua nguo. Sijui nani aliwafundisha." Akaniachia taulo, akaenda jikoni.

Nikachukua simu kumwandikia kiongozi wa kundi. Nilianza na samahani, nikaifuta. Nikaanza kueleza habari za chai, nikafuta. Mwishowe nikaandika kwa Kiswidi changu cha kuokoteza: *Kanske* Jumamosi nitacheza bila taiti. Nikatuma kabla vidole havijabadili mawazo.

Alama ikaonyesha amesoma. Jibu halikuja. Angeweza kumpa mwingine dakika zangu nne, kwa upole wake ule ule, nami kwa mazoea ningeshukuru.

"Dada!" sauti ikatoka jikoni. "Unakunywa ya rangi ama ya maziwa?"

"Ya maziwa," nikajibu haraka, macho yangu bado kwenye simu.