Mjomba Kutoka Mlalo

Miaka yote aliyochuma chai, Mwanahawa alimwambia bintiye Zahara kwamba ndugu zake wa Mlalo walikwisha wote. Kwa hiyo, wiki moja baada ya kumzika mama yake, mzee mmoja alipobisha hodi akajiita mjomba, Zahara alihisi amefuata shamba aliloliacha marehemu.

"Shikamoo. Kama kweli mama ni dada yako, alikuwa na alama gani?"

"Marahaba. Kidole cha shahada kilikatika. Nilimkata mimi kwa panga, tukigombania muwa. Alipobadili dini akaolewa, baba alimfukuza, nami nikanyamaza."

Kidole kweli hakikuwepo, lakini hata majirani walilijua hilo. Zahara alimkaribisha chai, kisha akamuuliza kwa nini alingoja mpaka mama afe.

Mzee alishindwa kujibu, akalia. Hapo Zahara akaanza kumwamini: tapeli angekuja na jibu tayari.