Kisu Kisichogusa Kitunguu

Nilifika nyumbani asubuhi ya kugawa vitu vya babu nikiwa na matope hadi magotini. Nilitoka Mbeya jana yake, nikalala Mafinga, nikapanda bodaboda iliyonishusha mahali ilipogoma. Aliyekulia huku juu anajua mvua inavyoifanya barabara ya kwetu. Niliosha miguu kwenye beseni nje ya jiko, nikaingia sebuleni, nikakuta mkeka umetandikwa na vitu vimepangwa. Nikaanza kuchanganyikiwa hapo hapo, maana koti la babu lilikuwa limekunjwa vizuri kama shati la dukani. Babu hakuwahi kukunja koti. Alilitundika kwenye msumari, nalo likabaki na umbo la mabega yake hata asipokuwemo.

Nilikuwa nimekuja na haja moja, na sikuona aibu kuisema. Mimi nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Kubebesha miche, yaani kupachika kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, kunataka kisu chembamba chenye makali, na wembe tunaotumia hukatika na kutukata vidole. Nilitaka kisu cha mfukoni, kile cha kukunja, kinachoweza pia kukata kamba, kufungua mifuko ya mbolea, na kuchonga kijiti. Babu alikuwa na visu vitatu vya namna hiyo, na vyote vitatu vilikuwa kwenye mkeka.

"Dada wa Mbeya anataka kisu," binamu yangu alisema, watu wakacheka. "Jamani, mwacheni achague vizuri, asije akatugeukia."

"Wewe nyamaza," baba mdogo akamwambia. "Chagua, mama. Kitu kimoja tu."

Kwetu ndivyo ilivyo, kila mjukuu kitu kimoja. Na kabla hujakishika, kama una neno lolote na marehemu, unalisema mbele ya watu, ili usiondoke na kitu chake huku moyo una fundo. Wengi husema, "Mimi sina neno," wanachukua, wanakaa. Mimi nilikuwa nalo. Nililibeba tangu darasa la tatu, na mtu lililomhusu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia imewekwa gotini. Alikuwa jirani yetu, mzee wa rika la babu. Yeye na babu hawakusalimiana tena tangu mwaka ule, hadi babu anaingia kaburini.

Nikaviangalia visu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, mpini wa pembe, cha kuchunia mbuzi. Cha pili kilikuwa cheupe kinachong'aa, kina kifungulio cha chupa na bisibisi ndogo ndani yake. Nilikifungua, ubapa wake ukacheza huku na huku. Babu alinifundisha kwamba ukikifungua kisu, kishike karibu na sikio ukitikise kidogo. Kikikujibu, kirudishe kwa mwenye nacho. Hiki kilijibu. Cha tatu kilikuwa kidogo, mpini wa mti uliolainika kwa jasho, ubapa mweusi ulionolewa mpaka ukabaki mwembamba kama jani la mwanzi. Hakikusema kitu. Nilikijaribu juu ya ukucha, kikang'ata bila kuteleza. Kwa kazi yangu ndicho hasa. Na ndicho kile kile cha neno langu.

Kilikuwa kisu cha ulanzi. Kama hukukulia Iringa, ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikianza, chipukizi linakatwa kichwa, linafungiwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu cha kukingia. Asubuhi na jioni mgema anarudi kulikata tena, kipande chembamba mno, jeraha lisifunge. Nilikuwa nikimfuata babu kila asubuhi, umande unanilowesha hadi kiunoni, mimi nimebeba ndoo na yeye anaongea na mianzi kama watoto wa shule: wewe jana ulivuja vizuri, wewe mvivu. Ulanzi wa asubuhi, ambao haujachacha, alinipa mimi kwanza. Una utamu wa majimaji na harufu ya mvua, na lazima uwapulize nyuki waliozama. Aliniita mke wake. "Mke wangu, kunywa upate nguvu za kunifulia," ananiambia, nami nakasirika, anacheka.

Kile kisu kidogo kilifanya kazi nyingi ndogondogo. Kilinichongea penseli, kilinitoa miiba miguuni, kilikata nyuzi za magunia. Lakini kulikuwa na sharti. Hakikugusa chumvi, hakikugusa mafuta, na zaidi ya vyote hakikugusa kitunguu. Babu alisema mwanzi una pua. Ukiukata kwa kisu chenye harufu ya jiko, unanuna, kichwa kinageuka cheusi, maji yanakatika. Sijui kama ni kweli. Hata leo nawauliza watu wanaosoma mambo ya kilimo, huyu ananiambia ni uchafu unaoozesha kidonda, yule anacheka.

Mianzi ya babu na ya jirani ilitenganishwa na mfereji tu. Wakigema, kila mmoja upande wake, walikuwa wakirushiana maneno.

"Kamwene, wewe mwizi wa mvua!" jirani anaita, kwa salamu ya kwetu. "Naona mawingu yote yamekwenda kwako."

"Kamwene. Yamekimbia sura yako."

"Sura yangu? Mkeo aliiona kwanza, akakosa bahati tu."

Na bibi akiwa karibu anasema, "Namshukuru Mungu kila Jumapili." Wanacheka watatu, na sauti zao zinapita kwenye ukungu kabla hujawaona wenyewe.

Siku moja mchana bibi alikwenda msibani, akabeba kisu cha jikoni kwenda kusaidia kumenya ndizi. Mimi nilibaki na chungu cha maharage yaliyoiva, nina njaa, na kitunguu kimoja. Babu alikuwa amejilaza, koti liko msumarini. Nilijua sharti. Sitaki kukudanganya kwamba nilisahau. Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa kisu, nikakata kitunguu haraka huku nalia machozi ya kitunguu, nikakifuta kwa kitenge cha bibi, nikakirudisha. Maharage yalikuwa matamu. Jioni babu alikwenda kugema, mimi nikasema tumbo linauma.

Baada ya siku tatu vichwa vya mianzi yetu vilikuwa vyeusi na mbeta zimekauka. Upande wa pili wa mfereji kulikuwa kunavuja kama kawaida. Babu alisimama pale muda mrefu. Jirani akatokea na ndoo yake imejaa.

"Kamwene, mzee mwenzangu. Mbona mbeta zako zinapiga miayo?"

"Iulize mikono yako," babu akamjibu.

"Mikono yangu imefanya nini?"

Babu alikikunja kisu, akakitia mfukoni, akanishika bega tukaondoka. Nilikuwa nimeshika mbeta tupu. Ningeweza kusema pale pale; maneno yalikuwa mafupi tu. Sikuyasema. Kesho yake jirani alipomsalimia, babu alipita. Kesho kutwa vile vile. Jirani alimtuma mzee wa kanisa, babu akamkaribisha chai, wakaongea habari za mahindi, mzee wa kanisa akarudi alivyokuja. Mwaka uliofuata mianzi ilivuja tena upande wetu, lakini kicheko cha kwenye ukungu hakikurudi. Nami nilikua hivyo, najua jambo ambalo watu wazima wawili hawalijui, na kadiri nilivyochelewa kulisema ndivyo lilivyozidi kuwa zito, mpaka nikaolewa Mbeya nalo.

Sasa unaelewa kwa nini nilisimama mbele ya mkeka bila kuinama.

"Mama, mvua inakuja," baba mdogo alisema. "Una neno au huna?"

"Ninalo," nikasema. Nikaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Nilimtazama jirani tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu niliona nikitazama chini nitakuwa nimejificha tena.

"Kitunguu?" jirani akasema.

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Kitunguu!" Aligeuka kwa waliokaa pembeni yake, kama mtu anayewaonyesha kitu. "Mimi nimekosa kuongea na mwenzangu, nimezeeka peke yangu pale ng'ambo, kumbe ni kitunguu?"

Ndipo bibi, aliyekuwa amekaa na miguu imenyooshwa, khanga imefika kwenye nyusi, akasema bila kuinua uso, "Alijua."

"Nani alijua?" baba mdogo akauliza.

"Mwenye visu. Alinusa siku ile ile jioni. Alirudi akaniambia, mke mwenzako amekata kitunguu na kisu changu. Hakukasirika hata. Alisema mtoto alikuwa na njaa."

Kwa hiyo aliposimama kwenye mbeta zilizokauka alijua. Aliponishika bega alijua. Miaka yote niliyokuwa namwogopa asijue, alikuwa anajua.

"Basi 'iulize mikono yako' ilikuwa ya nini?" jirani akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mama, mimi alinikasirikia nini?"

"Nilimwuliza," bibi akasema. "Akaniambia nisonge ugali."

"Hukumwuliza tena?"

"Nilimwuliza tena mwaka mwingine. Akatoka nje."

Jirani aliitoa kofia gotini, akaivaa, akaivua. Akaanza kuhesabu kwa sauti makosa yake, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Labda ni ile siku alipomcheka babu alipoteleza kwenye matope mbele ya kanisa. Labda ni utani wa kuhusu bibi, labda ulizidi. Labda ni yule mbwa wake aliyeua kuku wetu. Kila akitaja moja anamtazama bibi, na bibi anatikisa kichwa, si kukataa, ni kwamba hajui.

"Mzee, yameisha," baba mdogo akamwambia kwa upole.

"Yameisha vipi wakati sijui yalikuwa nini?"

Mimi nilidhani nikilisema neno langu fundo litafunguka. Badala yake nilikuwa nimemvua yule mzee hata kile kidogo alichokuwa nacho, ile imani kwamba mwenzake alikosea tu kuhusu mianzi. Nilisimama pale sijui kama nimefanya vizuri au vibaya, na nakuambia kweli, mpaka leo sijui.

"Chagua basi," binamu akasema, safari hii bila utani.

Nilikiokota kile kidogo, nikaenda nacho hadi kwenye kigoda, nikakitoa kwa mikono miwili. "Babu, kichukue wewe."

"Nigeme nini, mjukuu wangu? Mianzi niliing'oa. Nimepanda miti ya mbao." Alikitazama kidogo. "Kichukue. Wewe una kazi nacho."

Nikakichukua. Ni kisu kizuri. Kinakata vikonyo vya parachichi bila kuviponda, wenzangu kitaluni wanakiazima. Nikikitumia najiuliza kama nilikichagua kwa sababu ya makali yake au kwa sababu nyingine, na sipati jibu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, jirani alikuja. Bibi alimpa kiti, chai ya tangawizi, na kiazi. Kisha jirani akaomba nimsindikize.

Tulishuka kwenye njia ya zamani. Mfereji umejaa udongo, unauruka bila kujua umeuruka. Upande wetu mianzi imebaki mashina machache ambayo hayagemwi. Vijana wanasema ulanzi ni kazi ya wazee, na wazee wenyewe ndio hao. Upande wake ni misonobari tupu, imenyooka, chini yake hakuna kinachoota. Nilitafuta mahali babu alipokuwa akisimama, sikupapata.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata," jirani akasema. "Hakuwahi kunitaja? Hata kwa ubaya?"

Nilitafuta sana. Nilitamani kupata kitu. Mwisho nikakumbuka kwamba jirani alikuwa na kikohozi cha asubuhi, na sisi tukiwa tunagema tulikuwa tukikisikia kupitia kwenye ukungu. Hata baada ya kuacha kusalimiana, babu alikuwa akikisikia anasimama, kisu kiko hewani, hakati, mpaka kikohozi kiishe. Ndipo anaendelea. Nikamwambia.

Alinishika mkono. "Alikuwa anasikiliza?"

Macho yake yalikuwa yananiomba. Neno lile moja lingetosha, na nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nyuma ya babu siku zote hizo nimebeba ndoo, naona mgongo wake tu, uso wake sikuuona.

"Alikuwa anasimama, babu," nikasema.

"Kusimama si kusikiliza?"

"Sijui."

Akaniachia mkono. Alitikisa kichwa polepole, akaingia kati ya misonobari yake, na mimi nikabaki njiani, nikingoja kusikia kama atakohoa.