Visahani Vyeupe vya Pheng

Marvene Krueger alikuwa ameosha vyombo vya maabara moja ya chuo kikuu huko Wisconsin kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo maprofesa wanne walistaafu, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kusuuza kikombe chake cha kahawa.

Ijumaa hiyo, mwanafunzi wa uzamivu Pheng Vang aliingia kwenye chumba chake cha kuoshea na mfuko wa visahani vya kuoteshea bakteria, uso umemsawijika.

"Pika vyote, Mama Marvene. Vimekufa."

Mwaka mzima kijana huyo alikuwa akikichokonoa kimeng'enya kimoja cha bakteria, kile kinachochukua kitu kisicho na rangi na kukigeuza kiwe chekundu kama nyanya. Jumatatu angesimama mbele ya maprofesa wake, na asipowaonyesha wekundu, angefukuzwa.

Marvene alichungulia. Madoa ya bakteria yalikuwa meupe kama mafuta ya nguruwe.

"Umeviotesha lini?"

"Jana. Kwenye joto, kama kitabu kinavyosema."

"Jana! Wewe na mume wangu wa kwanza mngepatana sana, naye hakujua kungoja."

Pheng hakucheka. "Nimeshaandika barua ya kuacha, mama."

"Haya, nenda. Unanichelewesha samaki."

Kanuni ilisema taka zote za Ijumaa zipikwe kwenye jiko la mvuke la kuulia vijidudu kabla ya mtu kuondoka. Lakini saa ilikuwa kumi kamili alasiri, na kule baa samaki wa kukaanga wa Ijumaa hawamngoji mtu, seuze brandi yake. Tena Marvene alikuwa na siri ya mtu wa taka: mifuko iliyosahaulika wikendi nzima mara nyingi aliikuta na rangi ambazo wenyewe hawakuwahi kuziona, maana walikuwa wameshaitupa. Wasomi huangalia mara moja, wakalia, wakatupa.

Akavipanga visahani juu ya kabati, penye ubaridi, akavifunika kwa aproni, akaenda zake kula.

Jumatatu saa mbili asubuhi alifunua. Kisha akapaza sauti hadi mtu wa ghorofa ya juu akadondosha kitu.

"Pheng! Njoo uone maiti zako!"

Vilikuwa vyekundu, vyote isipokuwa viwili. Pheng alivishika, akaviweka chini, akavishika tena.

"Kumbe kimeng'enya kinafanya kazi. Ni kizembe tu, na hakipendi joto."

"Basi kitapata kazi hapahapa chuoni. Barua iko wapi?"

Aliitoa mfukoni. Marvene akaichana, akaitupa pamoja na glavu chafu.

Maprofesa walimpitisha. Kwenye tasnifu yake Pheng aliandika kwamba bakteria hao waachwe kwenye ubaridi wa chumba kwa saa sitini na nne. Wenzake wa miji mingine wanaifuata hesabu hiyo mpaka leo, kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini isiwe sitini. Ni muda wa kutoka samaki wa Ijumaa hadi Marvene arudi kazini.