Wa Mbele Ndiye Macho

Mimi ni kinyozi, na Mwalimu simpendi. Naanza na hilo usije ukasema nilikuficha. Kila anayekaa kwenye kiti changu ananisikia nikimsema, na mke wangu amechoka mpaka akaniambia nimwoe basi huyo Mwalimu, maana jina lake nalitaja kuliko majina ya watoto wangu.

Anafundisha hesabu, na ndiye nahodha wa kikundi chetu cha baiskeli. Tuko kumi na wawili, watu wazima wenye kazi zetu, tunatoka alfajiri mara tatu kwa wiki tukiwa na nguo za kubana zinazowachekesha wauza magazeti. Tunaendesha kwa mstari, tairi langu karibu liguse la mwenzangu, kwa sababu aliye nyuma ya mtu hapigwi na upepo. Ubaya wake ni kwamba huoni barabara, unaona mgongo tu. Kwa hiyo tuna sheria moja: wa mbele ndiye macho. Akiona shimo anashusha mkono upande lilipo, anakwepa, na anayemfuata anafanya hivyohivyo, mkono unapita mpaka kwa wa mwisho. Miaka kumi na mmoja nimeuamini mkono wa mtu kuliko macho yangu.

Wiki yenyewe ilikuwa ya mashindano. Jumapili kikundi kingepeleka watu sita, na mimi nilikuwa wa sita. Nina miaka arobaini na tisa. Mwakani nisingekuwa na ubavu wa kuingia tena, na kila mtu alilijua hilo. Mwalimu naye alikuwa na shemeji yake anayeimezea mate nafasi hiyohiyo. Sasa nisikilize.

Jumanne nilikuwa nyuma yake. Mbele ya duka la saruji akachepuka ghafla, mikono yote miwili kwenye usukani, mimi nikaingia shimoni mzimamzima. Nilitua kwa kiwiko na nyonga. Nilipomuuliza kwa nini hakuonyesha, alisema ameonyesha, ila mimi nilikuwa nimeyakodolea macho makalio yake. Wakacheka wote. Walio nyuma yangu hawakuwa wameona kitu, wangeonaje? Nikameza.

Nyumbani mke wangu aliniosha kidonda kwa maji ya chumvi bila huruma hata chembe, akasema mtafutaji hachoki na akichoka keshapata, basi hongera, nimepata. Siku nzima nilinyoa watu kiwiko kikiniuma. Mzee mmoja nilimwachia ndevu zimepanda upande mmoja, akajitazama kwenye kioo, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi ikawa mbaya zaidi, na hiyo ni yangu, siikatai. Sikuweza tena kumwamini. Kila akitikisika nashika breki. Mwisho nikashika kwa ajili ya kivuli cha nguzo, kivuli jamani, na Nesi aliyekuwa nyuma yangu, mwanamke asiye na ugomvi na mtu, akanivaa. Kofia yake ngumu ilipasuka katikati. Mwalimu hata sauti hakupandisha. Alisema tu kwamba mwoga ni hatari kuliko shimo, na nikimwangusha mtu mwingine Jumamosi, shemeji anaingia. Ungeona alivyofurahi.

Wateja wangu walinituliza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wakasema, vuta subira. Subira gani? Niliwaambia waziwazi, mkasi mkononi: Jumamosi nikiwa mbele yake, mikono yangu haitoki kwenye usukani.

Na zamu ikanifikia kweli, nikawa wa mbele kabisa, yeye nyuma yangu. Tulikuwa tunateremka kwa kasi, na lori lilikuwa linatukaribia kwa nyuma, upande wa kulia. Nikaliona shimo upande wa kushoto, limechimbwa na mafundi wa bomba, halina hata jiwe la kuonya. Nikasema moyoni, haya, kula. Haki ya Mungu nilisema hivyo. Lakini mkono huu mpumbavu, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, ulishuka wenyewe ukaonyesha kushoto, nami nikakwepa kulia. Kisha nikasikia kishindo nyuma.

Mwalimu alikuwa chini kando ya shimo, amejishika bega. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, unaonekana ulivyochomoza chini ya ngozi. Wote wakanigeukia mimi.

"Nilionyesha," nikasema.

"Niliuona mkono," akasema Mwalimu, meno yameumana. "Nikajua unanivutia kwenye lori, nikabaki kushoto. Nikajua unanilipa."

Nesi alikuwa amepiga magoti, anamfunga mkono kwa fulana. Akaacha kufunga.

"Anakulipa nini, Mwalimu?"

Mwalimu akageuza uso. Mtu wa hesabu, swali dogo kama hilo likamshinda, na kila mmoja pale akakumbuka Jumanne.

Ningenyamaza hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini kinyozi na mdomo wake! Niliwaambia wote kwamba nilitaka aanguke, kwamba ni mkono tu ulionisaliti, na kama si mazoea angeingia shimoni bila ishara yoyote. Nilisema kwa hasira na niliona raha kusema. Nesi aliniangalia, kisha akarudi kwenye bega.

Jumapili nilikwenda. Shemeji alikuwa hospitali na dada yake, mke wa Mwalimu, wanamuuguza, kwa hiyo tulikuwa watano, na nafasi yangu hakuna aliyeigusa. Zamu ya kuongoza iliponifikia nilikaza miguu, upepo wote usoni kwangu, nikajisemea leo wataniona. Baada ya daraja niliona lami imekatika. Nikashusha mkono, mkono mzima, vidole vimenyooka, hata kipofu angeuona. Nikageuka kutazama kama umepita nyuma. Wenzangu wanne walikuwa hatua ishirini nyuma yangu, kila mmoja peke yake, wanapigwa na upepo, wanaitazama barabara kwa macho yao wenyewe.