Shati la Ushahidi

Siku hizi dobi huuliza mara tatu kabla hajalowesha nguo ya mtu: "Nifue kweli?" Wateja humcheka, dobi gani anaomba ruhusa ya kufua? Naye huinamia mikono yake iliyochujuka kwa sabuni, hupindua kola, huinusa, hungoja jibu. Zamani hakuwa na subira hiyo. Alitamba kwamba hakuna doa lililowahi kumshinda, na kwamba akishona tundu, hata mwenye nguo haoni lilipokuwa.

Basi jirani yake, mama aliyekimbia vita, alimletea mfuko wenye shati la marehemu mwanawe. "Nitunzie, kaka, kwangu panavuja. Kesho wachunguzi wanakuja kulichukua, linakwenda mahakamani ng'ambo." Dobi alipoufungua akaona damu iliyokauka na tundu la risasi kifuani, roho ilimuuma. Shati la mtoto wa watu liende mbele ya mahakimu wa kigeni likiwa chafu hivi? Alilifua kwa maji baridi, akalishona, akalipiga pasi. Kesho yake mchunguzi alivaa glavu, akalitandaza mezani, akalipapasa kifuani. "Tundu liko wapi?" Mama alilinusa lile shati, likanukia sabuni, kisha akamtazama dobi. Naye akainama juu ya kitambaa kuutafuta uzi wake, akiomba, kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika sindano, uonekane.